Kabla Hujapanda Ndege ya Guangzhou: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Kahama, Geita na Shinyanga

Simama Katoro mchana mmoja, au kando ya barabara inayotoka Kahama kwenda Kakola, uangalie kinachouzwa. Makarasha, pampu za kutolea maji kwenye maduara, jenereta, taa za kichwani, viatu, simu, vyombo vya plastiki. Sehemu kubwa imetoka China, na kabla ya kukufikia imepita kwa dalali wa Guangzhou, mwagizaji wa Kariakoo na muuzaji wa jumla wa Mwanza. Kila mmoja ameweka cha juu. Ndiyo maana iko siku mfanyabiashara mwenye mtaji wake hujiuliza: kwa nini nisiende mwenyewe?

Unaweza kwenda. Watanzania wamekuwa wakifuata bidhaa Guangzhou kwa miaka mingi, na mtu asiyejua Kichina wala Kiingereza kingi huenda na kurudi salama. Lakini shika jambo moja tangu mwanzo: ule ni mji unaouza kila kitu, kwa hiyo asiyejua alichofuata ndiye anayeuziwa. Sehemu ngumu ya safari hii inafanyika ukiwa bado nyumbani.

Andika unachokwenda kununua

Chukua karatasi. Usiandike "karasha" halafu ukaridhika. Andika aina ya mawe unayosaga, tani ngapi kwa siku, unga uwe laini kiasi gani, na mashine itaendeshwa kwa dizeli au umeme. Kama ni umeme, ni wa njia moja au njia tatu? Mitambo ya China hutengenezwa kwa volti 220 kwa njia moja na 380 kwa njia tatu. Hapa kwetu ni 230 na 400. Hezi ni 50 pande zote mbili, kwa hiyo mota nyingi hufanya kazi bila matatizo, ila mtajie muuzaji volti zako na umtake aziandike kwenye mkataba. Kama duara lako liko mbali na nguzo za TANESCO, andika pia ukubwa wa jenereta uliyonayo.

Chini yake orodhesha vipuri vinavyolika haraka: nyundo, meno, beringi, mikanda, gololi za chuma. Vipuri vya mwaka mzima vinunuliwe pamoja na mashine na visafiri nayo. Beringi yenye saizi isiyopatikana Mwanza inaweza kukusimamisha kazi miezi miwili ukisubiri meli.

Kama hujawahi kuona mitambo ya uchenjuaji ikifanya kazi, China si mahali pa kujifunzia. STAMICO ina vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa, wilayani Geita, na Katente, wilayani Bukombe. Nenda ukaone, uliza kinachoharibika mara kwa mara na kinachokula mafuta. Maonesho ya teknolojia ya madini ambayo yamekuwa yakifanyika Geita katika viwanja vya Bombambili tangu 2018 nayo hukusanya wauzaji wa mitambo sehemu moja. Kisha pita Kariakoo ukaandike bei ya kila kilichomo kwenye orodha yako. Bei hiyo ndiyo mizani yako. Ukishajumlisha nauli, viza, hoteli, usafirishaji na ushuru ukakuta tofauti ni ndogo, nunua Kariakoo ubaki na familia yako.

Orodha hiyohiyo ndiyo itakayokuchorea ramani. Guangzhou yenyewe ni soko la nguo, viatu, mikoba, vifaa vya umeme, vipuri vya magari na bidhaa za nyumbani. Mitambo mingi ya madini hutengenezwa kwingine. Zhengzhou, mkoani Henan, inasifika kwa makarasha na vinu. Wilaya ya Shicheng, mkoani Jiangxi, ina viwanda vingi vya meza za kutikisa na mitambo ya kutenganisha dhahabu kwa maji. Vitu vidogovidogo vya jumla, kuanzia vibanio vya nywele hadi kufuli, viko Yiwu, mkoani Zhejiang. Vigae na samani viko Foshan, mji uliopakana na Guangzhou kiasi kwamba treni za mjini zimeunganishwa. Mwenye duka la nguo Kahama anaweza kumaliza kazi yake yote Guangzhou, lakini mchimbaji wa Nyarugusu atenge siku za kupanda treni ya kasi kwenda kaskazini.

Chagua tarehe kabla ya tiketi

Kuna vipindi viwili vya kukwepa. Cha kwanza ni Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huhama kila mwaka kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari; mwaka 2026 uliangukia Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Wafanyakazi wa viwandani hurudi mikoani kwao, na uzalishaji husimama kwa wiki kadhaa, kabla na baada ya sikukuu. Cha pili ni wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya taifa, ambapo ofisi hufungwa na treni hujaa.

Vipindi viwili vya kulenga ni Aprili na Oktoba, wakati wa Maonesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na yanayofanyika katika kumbi za Pazhou. Hugawanywa katika awamu tatu. Ya kwanza huanza tarehe 15 na ndiyo ya mashine, magari, vifaa vya umeme na elektroniki. Ya pili huanza tarehe 23 na ni ya vyombo vya nyumbani, vifaa vya ujenzi na samani. Ya tatu, inayoanza Mei 1 au Oktoba 31, ni ya nguo, viatu, vitu vya watoto na bidhaa za afya. Ukikosea awamu utakuta ukumbi umejaa sufuria wakati ulifuata jenereta. Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya maonesho hayo. Utapata barua ya mwaliko, na barua hiyo itakusaidia kwenye viza. Ila fahamu kwamba hoteli hupanda bei siku hizo.

Kama huhitaji maonesho, Novemba na mapema Desemba ni wakati mzuri: joto limepungua na viwanda viko kazini. Aprili kuna mvua na unyevunyevu, na miezi ya katikati ya mwaka ni joto kali na dhoruba.

Pasipoti, viza na njia ya kutokea

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita na kurasa tupu. Maombi ya pasipoti ya kielektroniki huanzia mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Usisubiri hadi mwezi wa safari.

Mtanzania anahitaji viza ya China, na huombwa kupitia ubalozi wao Dar es Salaam. Biashara ni viza aina ya M, utalii ni L. Ya M hudai barua ya mwaliko kutoka kampuni ya China au waandaaji wa maonesho. Andaa pia taarifa ya benki, leseni ya biashara na TIN, tiketi iliyoshikiliwa na hoteli uliyoweka. Kuwa mwangalifu na mtu anayekuahidi mwaliko wa haraka kwa pesa: mwaliko wa kampuni isiyokujua unaweza kukukwamisha kwenye mahojiano ya kuingia. Ukipanga kupita Hong Kong au Macao katikati ya safari, omba viza ya kuingia mara mbili, kwa sababu ukivuka kwenda huko umeshatoka China bara na viza ya mara moja imekwisha kazi yake.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani inaweza kuulizwa njiani. Piga nakala za pasipoti na viza, moja mfukoni, moja kwenye begi, na picha yake kwenye simu ya mtu aliyebaki nyumbani.

Kwa ndege, Air Tanzania ina safari za Dar es Salaam hadi Guangzhou. Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa na Kenya Airways hupitia Nairobi. Linganisha uzito wa mizigo unaoruhusiwa, usitazame nauli peke yake, maana wakati wa kurudi utakuwa na sampuli. Anayetoka Geita sasa hahitaji kusubiri kivuko cha Busisi ili afike Mwanza: Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi, lililojengwa na kampuni za China, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Hata hivyo lala Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya ndege. Basi likiharibika Singida, ndege haitakusubiri.

Simu yako iandaliwe Kahama

Kwenye intaneti ya China, Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki. Ukitumia laini yako ya Tanzania iliyofunguliwa kutumika nje ya nchi, kwa kawaida hufunguka, kwa kuwa data hupitia mtandao wa nyumbani. Uliza kampuni yako ya simu gharama zake na ununue kifurushi kabla ya kuondoka. Programu za kukwepa vizuizi zisizoidhinishwa haziruhusiwi na sheria za huko, kwa hiyo usizifanye tegemeo. Waambie mapema mkeo au mumeo na wanaokudai kwamba unaweza kupotea WhatsApp, na wapangie njia nyingine ya kukupata.

Njia hiyo ni WeChat. Kila muuzaji wa China anaitumia kwa maongezi, picha, bei na malipo. Isajili ukiwa hapa, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi huomba ithibitishwe na mtu mwingine anayeitumia, na ni rahisi kumpata mtu huyo miongoni mwa wenzako waliokwishakwenda. Pakua pia Alipay, programu ya kutafsiri yenye Kichina kinachofanya kazi bila intaneti, na ramani ya Amap, maana ramani za Google hukosea mitaa ya China hata zinapofunguka. Teksi za DiDi zinaitwa ndani ya Alipay.

Hifadhi jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, kama picha kwenye simu na kama karatasi mfukoni. Dereva wa teksi hataweza kusoma herufi zetu. Orodha yako ya mahitaji nayo itafsiriwe kwa Kichina na mtu unayemwamini, ichapwe nakala kadhaa. Utaitoa dukani, muuzaji ataisoma, na mazungumzo yataanzia kwenye vipimo badala ya ishara za mikono.

Soketi za China hazipokei plagi yetu ya pini tatu nene, kwa hiyo nunua adapta. Pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Tangu Juni 28, 2025, ndege za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C. Kama utapanda ndege kwenda Zhengzhou au Yiwu, nunua yenye alama hiyo kule, au panda treni.

Fedha zipite njia tatu

Usiweke tumaini lako lote kwenye njia moja.

Ya kwanza ni simu. Katika miji ya China watu hulipa kwa kuskani msimbo wa QR, kuanzia kwa muuza matunda hadi hotelini. Alipay na WeChat hukubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard ya nje. Malipo ya chini ya yuan 200 hayakatwi ada. Yakizidi hapo kuna ada ya asilimia 3. Pita kwenye tawi la benki yako uombe kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje ya nchi na mtandaoni, kisha iunganishe na uthibitishe pasipoti yako kwenye programu ukiwa bado nyumbani. Ujumbe wa uthibitisho wa benki huja kwenye laini ya Tanzania, hivyo laini hiyo isitoke kwenye simu.

Ya pili ni fedha taslimu, kwa dharura na vitu vidogo. Ukitoka Tanzania na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, ni lazima utoe taarifa forodhani. Ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 taslimu, toa taarifa kule pia. Badilisha fedha benki na uombe risiti. Wabadilishaji wa mitaani wanaosogea karibu na wageni hawana leseni, na noti bandia za yuan 100 zipo.

Ya tatu, na ndiyo ya mzigo wenyewe, ni uhamisho wa benki kwa benki. Utaratibu wa kawaida ni kulipa asilimia 30 wakati wa kuagiza na asilimia 70 mzigo ukishakaguliwa, kabla haujapakiwa melini. Jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye mkataba na leseni yake ya biashara, ambayo ina namba ya tarakimu na herufi 18. Muuzaji akikuomba utume kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu yoyote ile, simamisha malipo. Vilevile akikutumia ujumbe ghafla kwamba akaunti imebadilika, mpigie kwa sauti au video kwanza. Matapeli huingia kwenye mawasiliano ya watu na kubadilisha namba hiyo moja tu.

Kisichoingia begini

Kwa watu wa ukanda wetu hili lisemwe wazi: usibebe dhahabu ghafi. Madini huuzwa kwenye masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, na kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali kupitia Tume ya Madini. Kipande kilichofichwa ndani ya soksi "kwa ajili ya kumwonesha Mchina" kinaitwa utoroshaji wa madini, na kinaweza kukugharimu mali yote na uhuru wako. Almasi ya Mwadui iko kundi hilohilo. Pembe, meno na magamba ya wanyamapori hayana mjadala.

Usimbebee mtu kifurushi, awe ndugu, jirani au mchumba mpya. Sheria ya jinai ya China inamweka mwenye heroini ya gramu 50 au zaidi katika hatari ya kifungo cha miaka 15, maisha, au adhabu ya kifo, na Watanzania wameshafungwa kule kwa makosa ya dawa za kulevya. Funga begi lako mwenyewe na usilipe mgongo hadi uwanjani. Dawa zako za hospitali zikae kwenye paketi zake pamoja na cheti cha daktari.

Kufika na kulala

Guangzhou iko saa 5 mbele yetu. Kahama ikiwa saa 2 asubuhi, kule ni saa 7 mchana. Nao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: miadi iliyoandikwa 9:00 ni saa 3 asubuhi, na 15:00 ni saa 9 alasiri. Wengi wamepoteza siku ya kiwanda kwa sababu hiyo tu.

Kwenye uwanja wa Baiyun utajaza taarifa za kuingia, utachukuliwa alama za vidole na kuulizwa umefuata nini. Jibu kwa ufupi, onesha mwaliko na hoteli. Treni ya chini ya ardhi huanzia uwanjani: panda laini namba 3 hadi Jiahewanggang, badilisha uchukue namba 2 hadi Sanyuanli au kituo kikuu cha reli. Kutoka kituo cha reli, laini namba 5 inakupeleka Xiaobei, kituo kimoja mbele. Treni hufungwa usiku, kwa hiyo ukitua saa 6 usiku nenda kwenye foleni rasmi ya teksi.

Xiaobei na Sanyuanli ndiko Waafrika wengi hufikia. Utakuta hoteli zilizozoea wageni, mawakala wa mizigo wanaozungumza Kiswahili, na migahawa ya chakula cha Kiafrika. Muislamu atapata migahawa ya Wahui, Waislamu wa Kichina, yenye chakula halali, na msikiti wa Xianxian hauko mbali. Msikiti mkongwe wa Huaisheng uko katikati ya mji. Mkatoliki ana kanisa kuu la Shishi, lililokamilika mwaka 1888. Maji ya bomba yachemshwe: kila chumba cha hoteli kina birika la umeme.

Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa rafiki, sheria inakutaka uende naye kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Tembea na pasipoti halisi, kwa sababu polisi wana haki ya kuiomba na nakala haitoshi. Ukizidisha siku za viza, faini ni yuan 500 kwa kila siku hadi yuan 10,000, na unaweza kuwekwa rumande. Viza ya biashara hairuhusu kuajiriwa. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo hapohapo Guangzhou. Andika namba zao kabla ya kuondoka, kwenye karatasi pia.

Sokoni na kiwandani

Siku ya kwanza usinunue kitu. Zunguka, uliza bei, piga picha baada ya kuruhusiwa, chukua kadi ya kila duka na uandike nyuma yake bei na kiwango cha chini cha oda. Nguo utazipata Baima, karibu na kituo kikuu cha reli, na katika masoko ya Sanyuanli. Viatu na saa viko mitaa ya Zhanxi, hatua chache kutoka hapo. Kila meza ina kikokotoo. Bei iandikwe humo, usitegemee kusikia, maana wao huhesabu kwa makundi ya elfu kumi, na mkalimani aliyechoka hukosea sifuri.

Kuhusu mkalimani: mlipe wewe, kwa siku, na mkubaliane kabla. Asiyelipwa vizuri na wewe atachukua cha juu kwa muuzaji, na cha juu hicho kitakuwa ndani ya bei yako. Mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kukuelekeza vizuri, lakini muulize kama kibali chake kinamruhusu kufanya kazi, maana polisi wakiwakuta nyote mtaingia matatani.

Muuzaji atakapotaja bei, uliza ni bei ya wapi. EXW ni bei ya mlangoni kwa kiwanda, na usafiri wote ni juu yako. FOB ni mzigo ukiwa umepakiwa melini China. CIF imejumlisha bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Karasha la bei ndogo ya EXW Zhengzhou linaweza kuwa ghali kuliko la FOB ukishalipa lori hadi bandarini.

Mashine nzito usiiagize kwa picha. Nenda kiwandani, iwashwe mbele yako, na kama inawezekana itwange mawe. Beba kipande cha jiwe la kawaida lisilo na madini kama mfano wa ugumu, au picha na maelezo. Piga picha ya kibati chenye namba ya mashine, kisha namba hiyo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na volti, nguvu ya mota, vipuri, muda wa kukamilika na masharti ya udhamini. Mkataba uwe na mhuri mwekundu wa kampuni. Ukilipa ile asilimia 70, mtu wako awe ameona mzigo halisi ukiingia kwenye kontena.

Kwa wa nguo, viatu na vipodozi: bidhaa zenye nembo za kampuni maarufu kwa bei ya karanga ni bandia, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa za namna hiyo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini.

Mzigo hadi Kahama

Usianze kufikiria forodha mzigo ukiwa baharini. Kabla ya kuondoka Tanzania, kaa na wakala wa forodha mwenye leseni umwoneshe orodha yako. Muulize kila bidhaa iko kundi gani la ushuru wa Afrika Mashariki: viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Mitambo mingi ya uzalishaji iko kwenye sifuri, bidhaa zilizokamilika ziko juu. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, na hesabu huanzia kwenye thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima. Ankara ya uongo yenye bei ndogo haitakusaidia, kwa kuwa TRA wana bei zao za kulinganishia.

Ulizia vibali mapema. TBS hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka na zipate cheti cha ubora. Kemikali, ikiwamo zebaki na sianidi, ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Redio za mawasiliano za maduarani zinahitaji kuidhinishwa na TCRA.

Mwenye mzigo mdogo hutumia kontena la kuchangia na kulipa kwa mita za ujazo. Wakala atapima, nawe pima pia. Mwenye karasha na vipuri huenda akajaza kontena la futi 20. Andika majina na idadi ya kila boksi, lipige picha, na uombe nakala ya hati ya mzigo wa meli, ile wanayoiita BL. Jina lililo juu ya hati hiyo ndilo lenye mzigo, kwa hiyo likiwa la wakala, uwe na mkataba unaosema wazi kwamba ni wako. Kata bima. Hesabu mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baharini, kisha siku za bandarini, kisha karibu kilomita 1,000 za lori hadi Kahama.

Safari ya kwanza nunua kidogo kuliko uwezo wako. Kabla ya kuondoka, gawa mtaji mafungu matatu: manunuzi, usafirishaji, na ushuru pamoja na gharama za bandari. Fungu la tatu liache kwenye akaunti ya Tanzania, kwenye kadi ambayo hukwenda nayo. Muuzaji wa Guangzhou atakushawishi uongeze boksi kumi kwa punguzo, na mkono utawasha. Lakini kontena lililokosa pesa za kulitoa hulipiwa kwa kila siku linalokaa bandarini, na likikaa sana hupigwa mnada, na vitu vyako utakuja kuviona vikiuzwa Katoro na mtu mwingine.